Dakika Moja Nilipotazama Ukuta

Kazi yangu ni kutazama watu wakikojoa. Nalisema mapema ili mwenye kucheka acheke amalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Chuo chetu kina timu za riadha, mpira wa wavu na kuogelea, na kina kanuni inayosema kwamba mwanamichezo yeyote anayesoma kwa ufadhili wa chuo, pamoja na kila mfanyakazi kuanzia msajili hadi mfagiaji, asikutwe na bangi mwilini. Ili ijulikane nani anayo na nani hana, mkojo unachukuliwa na kupelekwa maabara. Na ili mtu asije na mkojo wa mwenzake ndani ya soksi, lazima awepo wa kumtazama. Kwa upande wa wanawake, huyo wa kutazama ni mimi. Mwaka huu nimetimiza miaka kumi na tisa kazini.

Wanafunzi waliniita Shangazi Kikopo. Mwanzoni jina lilinikera, nikawa namtolea macho kila aliyelitamka. Baadaye nikalizoea, hata nikaliandika kwa rangi ya kucha kwenye chupa yangu ya chai ili watu wa ofisi ya michezo waache kuninywea. Lakini mzaha uliishia kwenye chupa. Chooni sikuwa na mchezo. Vikopo sita vinawekwa kwenye trei, binti anachagua chake mwenyewe. Ananawa mikono kwa maji matupu bila sabuni. Anapandisha fulana hadi kifuani, anashusha nguo hadi magotini, anajizungusha mara moja nimwone pande zote. Kisha anakaa, mlango uko wazi, mimi nimesimama hatua mbili, na macho yangu yako pale pale yanapotakiwa kuwa. Akimaliza anafunga kifuniko kwa mkono wake, anabandika karatasi ya namba, na mimi natia saini chini ya sentensi moja isemayo: nimeshuhudia mkojo ukitoka mwilini.

Kanuni zenyewe ninazo kichwani. Ya tisa inasema anayeshindwa kutoa mkojo ndani ya saa tatu anahesabiwa kuwa amekataa, na aliyekataa anahesabiwa kuwa amekutwa na bangi. Ya kumi na moja inasema kama msimamizi hakuuona mkojo ukitoka, sampuli inamwagwa, majibu yake hayasomwi, na mhusika anaitwa upya baada ya siku thelathini. Ya kumi na mbili inanihusu mimi. Msimamizi akitia saini kwa jambo ambalo hakuliona, anaachishwa kazi siku hiyo hiyo bila kiinua mgongo.

Kuachishwa kazi bila kiinua mgongo nakujua, kwa sababu nimeolewa nako. Mume wangu alikuwa seremala wa chuo kwa miaka ishirini na miwili. Nusu ya madawati wanayokalia wanafunzi yametoka mikononi mwake, enzi hizo mikono ikiwa mizima. Alhamisi moja, miaka sita iliyopita, msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili. Kinga ya msumeno ilikuwa imevunjika miezi mingi na alikuwa ameandika barua mbili kuomba nyingine. Lakini kanuni inasema mfanyakazi akiumia kazini apimwe kwanza. Akiwa amelala na taulo lililoloa damu, akaletewa kikopo. Na mume wangu, sitaki kumsafisha kwa uongo, alikuwa akivuta msokoto wake kila mwisho wa juma nyuma ya nyumba na shemeji yake, tangu ujana wao, wakicheka mambo ambayo mimi sikuyaona ya kuchekesha. Alhamisi ile alikuwa na akili zake timamu. Mkojo ukasema ana bangi, chuo kikasema kwaheri, na habari ya barua mbili za kinga haikutajwa tena.

Tangu hapo anakaa nyumbani anatengeneza vigoda. Nyumba ina watu watano: sisi wawili, watoto wawili wanaosoma, na mama mkwe ambaye hatoki kitandani bila kushikwa. Vigoda vinanunuliwa kimoja kimoja, na mwezi mwingine havinunuliwi kabisa. Chakula ni mshahara wangu.

Sasa nije kwa Njiti. Hilo ni jina alilopewa na wenzake wa riadha kwa sababu ya miguu yake. Ukimwona amesimama unaogopa upepo. Akikimbia, basi, unaacha kuogopa. Mbio zake zilikuwa mita mia nane, na mwaka wa kwanza tu alikuwa ameshaleta vikombe viwili. Mama yake ni fundi cherehani, mjane mwenye mabinti watano, na huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuvuka mlango wa chuo. Bila ufadhili wa michezo asingeweza kulipa hata kitanda cha bweni. Nilimpenda kwa jambo dogo la kijinga. Wenzake walikuwa wakinipita wakisema mambo vipi Shangazi Kikopo, yeye alikuwa akisimama kabisa, anaweka begi chini, ananiambia shikamoo shangazi. Neno kikopo hajawahi kulitamka mbele yangu.

Kompyuta ndiyo inayochagua nani apimwe, na mwaka mzima ilikuwa haijamchagua. Ilimchagua Jumanne moja, wiki ya pili baada ya likizo. Alifika saa nne asubuhi, akaniamkia, akachagua kikopo, akafanya yote niliyomwambia. Akakaa. Hakuna kilichotoka.

Hilo si jambo la ajabu. Wengi wanabanwa na aibu mara ya kwanza. Nikampa maji ya chupa iliyofungwa, tukarudi kwenye viti vya kusubiria, tukaongea habari za cherehani ya mama yake iliyokuwa inaruka mishono. Baada ya nusu saa tukaingia tena. Hakuna. Maji mengine. Tukaingia mara ya tatu, akafungulia bomba la sinki ili sauti ya maji imsaidie, akafumba macho, akauma midomo. Hakuna. Saa sita akawa amemaliza chupa tatu na tumbo limemjaa mpaka anatembea ameinama. Jasho lilimtoka puani. Akaniambia kwao wako wasichana watano na chumba kimoja, na mama yao aliwalea kwa shuka lililotundikwa kwenye kamba. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake, wala mama hajawahi kuwaona tangu walipoanza kuoga wenyewe. Alisema mwili wake unakataa, si yeye.

Kocha alikuja mara mbili kuchungulia saa ya ukutani. Mara ya pili alitikisa kichwa tu akaondoka. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Dakika kumi zaidi na kanuni ya tisa ingemhesabu amekataa, na mbio za taifa zilikuwa mwezi unaofuata.

Tuliingia mara ya mwisho. Alikaa, kikopo mkononi, machozi yanamdondoka kwenye mapaja. Kwa sauti ndogo akasema, "Shangazi, nakuomba ugeuke. Dakika moja tu. Siwezi mtu wa makamo ya mama akinitazama hivi."

Nimeombwa hivyo mara nyingi, na wasichana warembo, wasichana wajeuri, wengine wakiniwekea pesa mfukoni. Sikuwahi kugeuka. Siku ile niligeuka. Wala sikufikiri, mwili ulijigeuza wenyewe nikawa natazama ukuta. Kulikuwa na vigae vyeupe, kimoja kimepasuka pembeni na mtu amekiziba kwa dawa ya meno. Nikakiangalia kigae kile. Nyuma yangu nikasikia mkojo ukitoka kwa kishindo, kwa muda mrefu, na yule mtoto akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikageuka, kikopo kimejaa hadi mstari, kina joto lake. Akafunga, akabandika namba thelathini na nne. Nikatia saini.

Alinishukuru akanibusu mkono. Nami, nisijifanye, nilijisikia vizuri. Miaka kumi na tisa nimekuwa jicho, siku ile nilikuwa mtu. Nyumbani nikamsimulia mume wangu tukiwa tunakula, kwa maringo, jinsi nilivyomstahi mtoto wa watu. Aliacha kutafuna.

"Na saini ulitia?" akauliza.

Nikamwambia nilitia. Akaendelea kula.

Siku ya tisa majibu yalirudi. Karatasi inakuja na namba tu, na ofisi ya michezo ndiyo yenye daftari la majina, ila namba thelathini na nne sikuhitaji daftari. Alikuwa amekutwa na bangi.

Damu ilinipanda. Sikuwaza ufadhili wake wala mama yake, niliwaza kwamba nimechezewa. Machozi yale, shuka kwenye kamba, shikamoo shangazi, yote nikayaona maigizo. Nilimfuata nyuma ya bweni alikokuwa anaanika soksi. Alikuwa ameshaitwa ofisini, ameshaambiwa, na bado alikuwa anaanika soksi, moja moja, jozi kwa jozi. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikamwambia nimemwachia mgongo wangu naye akautumia.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza. Likizo alirudi nyumbani na maumivu ya ugoko, mfupa ulikuwa unamuuma hata amelala, na kocha alikuwa amemwambia akipumzika zaidi ya wiki atapoteza nafasi. Binamu yake akampa msokoto. Ukamlaza. Akavuta kila jioni kwa wiki tano. Siku ya kurudi chuoni aliacha, hajagusa tena, na hadi siku ya kikopo zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Alidhani imeshatoka. Hakujua kwamba bangi inajificha mwilini wiki kadhaa baada ya kichwa kuisahau.

"Lakini sikukuchezea, shangazi," akasema. "Ningetaka kukuchezea, kikopo kingetoka safi."

Nilisimama pale na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kweli tupu. Mtu aliyepewa mgongo na mwenye nia mbaya angekuwa na kichupa cha mkojo wa dada yake. Huyu alikuwa na aibu yake tu, na akaweka kwenye kikopo kile kilichokuwa ndani yake. Na hapo ndipo kanuni ya kumi na moja iliponijia kichwani, bila kuitwa. Sampuli ambayo haikuonekana ikitoka inamwagwa. Mhusika anaitwa upya baada ya siku thelathini. Siku thelathini zingetosha, mwili wake ungekuwa mweupe. Neno moja kutoka kwangu na mtoto huyu angebaki chuoni.

Nikamuuliza kama amesoma kanuni. Akasema kila mwanamichezo anapewa kitabu, na yeye alikisoma usiku ule ule aliporudi kutoka ofisini, chote, mara mbili. Alichukua soksi ya mwisho, akaikung'uta, akaitundika. Nikajua anajua.

Kikao kilipangwa Ijumaa. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi sikula chakula kikashuka. Nilikuwa namwogopa, mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye miguu ya njiti, kuliko nilivyowahi kumwogopa msajili. Angefungua mdomo tu aseme Shangazi hakunitazama, yeye angepona na mimi unga wangu ungemwagika mbele ya watu wote. Na alikuwa na haki ya kusema. Nikawa nampanga kichwani: kama ni mtoto mwema atasema, maana ni kweli. Kama ni mtoto mwema hatasema, maana nilimstahi. Kila nilivyompanga niliumia.

Alhamisi jioni mume wangu alikuwa barazani anapiga randa mguu wa kigoda, amekibana kwa magoti kwa sababu mkono wa kushoto haushiki sawasawa. Aliniuliza kikao ni saa ngapi. Nikamwambia saa tatu. Akapiga randa kidogo, akaacha.

"Yule aliyenishikia kikopo siku ile," akasema, "alikuwa anatazama dirishani. Damu ilikuwa inamtia kichefuchefu. Hakuona kitu."

Miaka sita tumelala kitanda kimoja na hakuwahi kuniambia. Nikamuuliza mbona hakusema kwenye kikao chake. Akasema mke wa yule bwana alikuwa amejifungua wiki ile, mapacha, na kazi alikuwa na mwezi wa tatu tu. Aliona haya kumharibia. Akajiambia yule bwana mwenyewe atasema.

"Nilimsubiri mwaka mzima," akasema. "Kila mlango ukigongwa nilidhani ni yeye. Mama, wewe kaseme."

Nikamuuliza watoto watakula vigoda? Na dawa za mama yake nitazinunua kwa kuranda? Nilisema kwa ukali, na yeye hakukasirika. Alisema amekula njaa ya aina mbili, ya tumbo na ya kumsubiri mtu aseme, na ya tumbo ndiyo nyepesi. Kisha akasema vigoda vikipakwa rangi vitauzika, na mimi nina mdomo wa kuuza hata mchanga. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Ikawa imeamuliwa.

Sijaongopa nikisema niliamua. Asubuhi ya Ijumaa nilifika kazini mapema, nikafungua kabati langu. Nikatoa kandambili, kanga ya akiba, kitana na chupa ya chai yenye jina langu la kejeli, vyote nikavitia kwenye mfuko. Koti jeupe nalo nikalikunja nikalitia juu yake, maana nilitaka nikimaliza kusema niwaachie mezani kwa mkono wangu. Funguo za choo nikaziweka mfukoni tayari kuzikabidhi. Nilipiga moyo konde kiasi kwamba njiani nilimsalimia hadi mlinzi nisiyeelewana naye.

Chumba cha kikao kina meza ndefu ambayo mume wangu ndiye aliyeipiga msasa. Walikaa watatu: msajili katikati, daktari wa chuo kulia, kocha kushoto akitazama kalamu yake. Njiti alikaa peke yake upande wa pili, amevaa gauni la kijani lenye kola iliyoshonwa vizuri sana. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mfuko miguuni.

Msajili si mtu mkatili. Ni mtu aliyechoka, anayesoma kila kitu kwa sauti moja. Akasoma namba, akasoma majibu, akamuuliza kama ana la kusema kuhusu bangi. Njiti akasema ni kweli, alivuta likizo, mguu ulikuwa unauma, anaomba radhi. Daktari akaandika. Kisha msajili akafunua ukurasa mwingine, ule wangu.

"Siku ya kutoa sampuli, taratibu zote zilifuatwa? Msimamizi alikutazama?"

Njiti akageuza shingo akanitazama. Sijui aliona nini. Labda aliona mfuko miguuni, chupa ya chai ikichungulia. Labda aliona mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye midomo mikavu. Alinitazama kwa muda ambao mtu anahitaji kusoma mstari mmoja wa kitabu.

"Alinitazama," akasema.

"Muda wote?"

"Muda wote."

Msajili akanigeukia mimi. Hakuuliza hata swali zima. Alisema, "Ndivyo?"

Nilikuwa nimelibeba lile neno tangu jana yake. Lilikuwa hapa, kwenye koo, limeiva. Sikugeuka hata kidogo kichwani mwangu, nilijua la kusema. Lakini mtoto alikuwa ameshafunga mlango kwa upande wake, tena kwa upole, na ghafla nikaona kwamba hakuna anayenidai kitu ndani ya chumba kile. Ningeweza kurudi nyumbani na mshahara. Nikajiambia nikisema sasa nitamfanya mtoto mwongo mbele ya kikao. Nikajiambia mkojo ni wake, bangi ni yake, ukuta haukuongeza kitu ndani ya kikopo. Yote hayo nilijiambia kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika.

"Ndivyo," nikasema.

Ilichukua dakika tatu. Ufadhili umeondolewa kuanzia siku hiyo. Kitanda cha bweni akiache kabla ya Jumapili. Mbio zozote zinazotambuliwa na vyuo, asikanyage kwa miaka miwili. Akitaka kuendelea na masomo alipe ada yote mwenyewe. Msajili akauliza kama ameelewa, naye akasema ameelewa, asante. Alisema asante. Kocha alikuwa bado anatazama kalamu.

Nilitoka mwisho, nikijichelewesha kwa makusudi ili nisikutane na mtu. Nikamkuta Njiti na mama yake wamenisubiri kwenye korido. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, ana nyuzi za rangi tatu zimenata kwenye sketi, kipimo cha nguo bado kiko shingoni, amesahau kukivua alipotoka mbio nyumbani. Alinishika mikono yote miwili. Nikajua anakuja kunitukana na nikashukuru, angalau mmoja anitukane.

"Binti yangu ameniambia," akasema. "Ameniambia wewe ulimstahi. Asante, dada. Mungu akulindie kazi yako."

Hakusema kwa kejeli. Ningejua kejeli, naifahamu kwa miaka. Alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa ananishukuru, na macho yake yalikuwa yamevimba. Nyuma yake Njiti aliweka begi chini, lile begi la mazoezi, sasa limejaa nguo zake zote. Akaniamkia kama siku zote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikaitikia. Mdomo una mazoea yake. Niliipokea heshima ile mchana kweupe, kwenye korido, mbele ya mama yake, na wala sakafu haikupasuka. Wakaondoka. Alikuwa amebeba begi upande mmoja na mama yake ameshika kamba ya upande wa pili, wanatembea kwa kuachana hatua. Mama alikuwa hawezi kwenda sawa na miguu ile.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kutokea. Alikuwa amefagia baraza, amepanga vigoda saba kwenye mstari, vitatu ameshavipaka rangi nyekundu. Aliponiona na mfuko akasimama, akaupokea mwenyewe. Uso wake sijauona hivyo kwa miaka sita. Hakuniuliza nimesema au sijasema, maana mfuko wenye vitu vyote vya kabatini ulikuwa umeshamjibu. Akaanza kunieleza haraka haraka kwamba ameongea na mwenye duka la rangi pale kona, amekubali tuweke vigoda mbele ya duka lake asubuhi bila malipo. Kwamba mama yake ataangaliwa na jirani kwa saa mbili kila siku. Kwamba mwezi wa kwanza utakuwa mgumu, tutakula mara moja, lakini yeye atajifunza kutengeneza na viti vyenye mgongo, mkono utazoea. Alikuwa akiongea huku amenishika bega, na mara moja akacheka.

Nilimwacha aongee. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumkatiza na sikuitumia hata moja. Niliingia ndani, nikawasha pasi. Nikatandika blanketi juu ya meza, nikalitoa koti jeupe kwenye mfuko aliokuwa ameuweka kitini kwa uangalifu, nikalinyunyizia maji. Yeye alikuwa mlangoni, bado yuko kwenye habari za rangi, kwamba nyekundu inauzika kuliko buluu. Nikaanza na kola. Jumatatu kulikuwa na timu ya kuogelea, mabinti wanane.

Alisema neno buluu halafu akanyamaza.

Nilipiga pasi mkono wa kulia, nikapiga wa kushoto. Sikuinua uso. Nilimsikia akisogea, nikadhani anatoka, lakini alikuja hadi kwenye mfuko. Akatoa chupa ya chai. Akaenda nayo jikoni, akaiosha kwa ule mkono wa vidole vitatu, polepole, ndani na nje, akaifuta, akairudisha na kuisimamisha mezani karibu na koti, maandishi yakinitazama. Kisha akaenda kuvua shati lake la kutokea.

Tangu siku ile hajaniuliza tena habari za kazi. Vile vigoda vinne havijapakwa rangi mpaka leo. Na kila mlango wetu ukigongwa, sasa ni mimi ninayeshtuka.